Majokofu ya Bei Rahisi na Fedha za Kokaini



Siku moja katika mkutano wa tawi letu hapa Jinja, mwanachama mmoja alisimama akaomba nafasi ya kusema. Yeye ni karani wa bohari katika duka moja la jumla. Alisema kwamba mteja asiyemfahamu alifika na gari, akashusha mfuko wa plastiki uliojaa noti, akataka majokofu 40 na televisheni 60. Mteja yule hakuomba apunguziwe bei hata shilingi moja. Hakuuliza jokofu lina ukubwa gani, wala likiharibika atalirudisha wapi. Tajiri akamwita karani pembeni, akamwambia auandike mzigo ule katika ankara tano, kila ankara na jina la mtu mwingine, na bei iwe nusu ya ile iliyolipwa.

"Nikiandika, nimekuwa mwongo," alisema ndugu yetu. "Nisipoandika, sina kazi. Je, chama kinasemaje?"

Sisi tulimjibu ovyo. Tulimwambia kwamba chama kinashughulika na mishahara, saa za kazi na likizo, na kwamba mambo ya ankara ni ya tajiri na watoza kodi. Ndugu yule akakaa chini, na mkutano ukaendelea na habari za nauli.

Baadaye jibu letu lilitusumbua. Tukauliza wenye ujuzi, tukasoma, tukazungumza na wenzetu wa vyama vingine. Tukaona kwamba mambo aliyoyasimulia karani yule yametendeka katika nchi nyingine kwa miaka mingi, na kwamba walioumia zaidi ni wafanyakazi kama sisi. Ndiyo sababu tunaandika makala haya.

MAGENDO TUNAYAJUA

Sisi wa Uganda si wageni wa magendo. Wazee wetu walituhadithia miaka ya 1970, baada ya ile iliyoitwa vita ya uchumi ya mwaka 1972, wakati viwanda viliposimama na sabuni, chumvi na sukari zikawa vitu vya kutafutwa usiku. Kahawa ilivushwa mpaka kwa mamia ya magunia. Wenzetu wa Kenya wanalikumbuka soko la Chepkube, lililovuma mwaka 1976 kwa kahawa iliyotoka kwetu. Waliotajirika kwa biashara ile tuliwaita mafutamingi. Wao walinenepa, na mfanyakazi wa kiwanda alipokea mshahara usiotosha kununua kipande cha sabuni.

Magendo yale yalikuwa ya watu waliotaka bidhaa kwa sababu bidhaa hazipo. Magendo tunayoyaeleza leo ni ya namna nyingine. Humo mwenye fedha hana haja na jokofu. Haja yake ni kuiondoa fedha mkononi ikiwa chafu, na kuipokea tena ikiwa safi. Jokofu ni punda wa kubebea tu.

MFANO WA KOLOMBIA

Nchi iliyoonja jambo hili kwa uchungu ni Kolombia, huko Amerika ya Kusini. Kokaini inayotoka huko huuzwa sana Marekani, nayo huuzwa kwa noti za dola. Mwenye kokaini anakaa Kolombia, na noti zake ziko Miami, New York au Los Angeles. Noti ni nyingi na nzito. Akizipeleka benki ataulizwa, maana tangu mwaka 1970 sheria ya Marekani inazitaka benki kutoa taarifa za fedha taslimu zinazopita dola 10,000. Akizipakia katika meli, forodha wanaweza kuzikamata. Basi ana mali asiyoweza kuila.

Upande wa pili kuna mfanyabiashara wa Kolombia anayetaka kuagiza majokofu, mashine za kufulia, televisheni, sigara au nguo kutoka nje. Yeye ana peso za nchi yake na anahitaji dola. Akienda benki, atalipa bei ya benki, ataonyesha hati, na mzigo ukifika atadaiwa ushuru na kodi.

Katikati ya watu hawa wawili anasimama dalali. Huyu anaitwa dalali wa peso. Tuchukue mfano wa kuhesabia. Mwenye kokaini ana dola 100,000 huko Miami. Dalali anamwambia, "Niachie hizo, nami nitakupa hapa nyumbani peso zenye thamani ya dola 80,000." Mwenye kokaini anakubali, kwa kuwa dola 80,000 zinazotumika ni bora kuliko 100,000 zilizolala chini ya kitanda. Kisha dalali anamwendea mfanyabiashara, anamwambia, "Nitakulipia dola 100,000 kwa wauzaji wako wa Miami, nawe utanipa peso za dola 90,000 tu." Naye anakubali. Watu wa dalali wanachukua zile noti Miami, wanakwenda kununua majokofu. Mzigo unapakiwa melini. Mfanyabiashara anatoa peso zake, dalali anakata fungu lake, zinazobaki anampa mwenye kokaini.

Tazameni, ndugu. Hakuna noti hata moja iliyovuka mpaka, na hakuna benki iliyotuma kitu. Kilichosafiri ni majokofu. Mwuzaji wa Miami amelipwa, mfanyabiashara amepata dola rahisi, dalali amekula kati, na mwenye kokaini ana peso anazoweza kusema amezipata kwa biashara.

Soko hili la dola za pembeni ni la zamani kuliko kokaini. Mwaka 1967 Kolombia iliweka amri kali juu ya fedha za kigeni, na penye amri kali hapakosi mlango wa uani. Katika miaka ya 1970 benki kuu ya nchi ile yenyewe ilikuwa na dirisha la kununua dola bila kuuliza sana zimetoka wapi, na wananchi wakaliita dirisha la shari. Amri zile zililegezwa mwaka 1991, lakini dalali hakufunga duka lake, kwa kuwa ushuru ulikuwapo bado na kokaini ilikuwapo bado. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakubwa wa hazina ya Marekani walikadiria kwamba njia hii hupitisha mpaka dola bilioni 5 kwa mwaka.

Mizigo mingi haikwenda Kolombia moja kwa moja. Ilipitia bandari huru ya Colón huko Panama, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambako bidhaa huingia na kutoka bila ushuru. Kutoka huko mingine ilifika Maicao, mji ulio karibu na mpaka wa Venezuela. Bidhaa zikaishia katika masoko yanayoitwa San Andresito, jina lililotokana na kisiwa cha San Andrés, kilichofanywa bandari huru mwaka 1953. Katika masoko hayo mtu wa kawaida alinunua jokofu kwa bei rahisi, akafurahi, akaenda nyumbani. Hatumlaumu. Mwenye mshahara mdogo hutafuta bei ndogo.

NANI ANALIPA?

Basi tuulize, ikiwa wote hawa wamefurahi, nani anayelipa?

Wa kwanza kulipa ni mfanyakazi wa kiwanda. Kiwanda cha halali kinanunua malighafi, kinalipa umeme, mishahara na kodi, kisha kinapanga bei. Bidhaa ya dalali imeanza safari yake ikiwa imepunguzwa bei, kisha imekwepa ushuru. Tena mwenye fedha chafu amekwisha kukubali kupoteza sehemu ya fedha zake, na hasara hiyo anaiona kama nauli. Kiwanda hakiwezi kushindana na mtu ambaye hasara kwake ni faida. Mauzo yakishuka, tajiri wa kiwanda hapunguzi gari lake. Anapunguza watu.

Tuseme ukweli wote. Viwanda vya Kolombia havikuumizwa na magendo peke yake. Tangu mwaka 1990 serikali ya huko ilifungua milango kwa bidhaa za nje na kushusha ushuru, na hilo nalo liliwapiga wafanyakazi. Lakini mtu aliyekwisha kuangushwa na mmoja, akija wa pili akamkanyaga, haifai kusema kwamba wa pili hakufanya kitu.

Na wafanyakazi wale si watu wa kudharauliwa. Mji wa Medellín na mitaa yake ndio uliokuwa kitovu cha ufumaji wa nguo nchini humo. Pale Bello, jirani na Medellín, mwaka 1920, wanawake wapatao 400 wa kiwanda cha nguo waligoma wakiongozwa na Betsabé Espinal. Walidai mshahara ulio sawa na kazi, saa zipunguzwe, wanyapara waliowasumbua wasichana waondolewe, na ruhusa ya kuvaa viatu kazini. Ndiyo, ndugu, walikuwa wakifanya kazi miguu mitupu. Waligoma mpaka wakashinda. Watu wa namna hiyo ndio waliojenga viwanda ambavyo baadaye vilisongwa na vitambaa vya magendo.

Wa pili kulipa ni mfanyakazi wa shamba. Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa wataelewa upesi. Jani la koka huchumwa kwa mikono. Wachumaji wake huitwa raspachines, maana yake wakwaruzaji, kwa kuwa hulikwaruza tawi zima kwa kiganja mpaka majani yote yatoke, na viganja huchubuka. Hulipwa kwa uzito, kama mchumaji wa chai. Kipimo chao ni aroba, yaani kilo 12 na nusu. Hawana mkataba, hawana chama, hawana daktari. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulipima hekta 253,000 za koka nchini Kolombia. Katika utajiri wote unaotoka katika hekta hizo, mchumaji na mkulima mdogo hupata makombo, na askari wakija kung'oa mimea wao ndio wanaokutwa shambani. Dalali hakutwi shambani.

Wa tatu kulipa ni chama cha wafanyakazi chenyewe. Tangu miaka ya 1970 wanachama na viongozi wa vyama vya wafanyakazi zaidi ya 3,000 wameuawa Kolombia, kwa hesabu za Escuela Nacional Sindical, chuo cha wafanyakazi kilichoko Medellín. Miongoni mwa wauaji walikuwamo wanamgambo wenye silaha walioishi kwa fedha za kokaini. Fedha zile ziliponunua majokofu upande mmoja, upande mwingine zilinunua risasi. Wenzetu walikufa kwa kudai mambo haya haya tunayoyadai sisi kila siku bila hofu kubwa.

Na wa nne ni nchi nzima. Ushuru usiolipwa ni zahanati isiyo na dawa, na ni darasa lisilo na madawati.

MAMBO HAYAJAKWISHA

Mtu asidhani kwamba haya ni ya zamani, au ya Kolombia tu. Mnamo Septemba 2014 askari wapatao 1,000 waliingia katika maduka na mabohari ya mtaa wa nguo wa Los Angeles, Marekani. Siku hiyo walikamata zaidi ya dola milioni 65. Serikali ilisema kwamba fedha za madawa ya kulevya za Mexico zilikuwa zikisafishwa kwa kununulia nguo. Mwezi uliofuata ikatoka amri ya kuwataka wafanyabiashara wa mtaa ule kutoa taarifa za kila malipo ya taslimu yanayopita dola 3,000. Mnamo Aprili 2015 amri kama hiyo ikatolewa kwa wauzaji wapatao 700 wa Miami wanaopeleka nje simu na vyombo vya umeme.

Afrika nayo imeguswa. Mwaka 2011 serikali ya Marekani ilieleza mahakamani kwamba zaidi ya dola milioni 300 zilipelekwa kununulia magari yaliyotumika huko Marekani, magari yale yakauzwa Afrika Magharibi, hasa Benin, na fedha zake zikachanganywa na fedha za kokaini. Benki moja ya Lebanon iliyohusika ilikubali mwaka 2013 kutoa dola milioni 102 ili kumaliza kesi ile. Basi leo ni jokofu, kesho ni gari, keshokutwa ni marobota ya nguo. Bidhaa yoyote inayonunulika kwa wingi na kuuzika upesi inaweza kufanywa punda.

Kolombia yenyewe ilipitisha sheria kali zaidi ya magendo mwaka 2015, inayounganisha magendo na kusafisha fedha chafu. Na sisi huku tuna sheria zetu. Nchi za mashariki na kusini mwa Afrika ziliunda umoja wao wa kupambana na fedha chafu mwaka 1999 huko Arusha. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006, Kenya mwaka 2009, Uganda mwaka 2013. Kila nchi imeweka ofisi ya kupokea taarifa za fedha zenye mashaka. Sheria zipo. Lakini sheria haikai bohari. Anayekaa bohari ni karani, mpakiaji, dereva na mlinzi.

DALILI ZA KUANGALIA

Hatusemi kwamba kila anayenunua kwa wingi ni mwuza madawa. Shule hununua magodoro 200, hoteli hununua televisheni 50, na mchuuzi wa kijijini hulipa taslimu kwa sababu benki iko mbali. Hao ni watu wa halali, na wengi wao ni ndugu zetu. Dalili moja peke yake si kitu. Zikikutana tatu au nne, hapo pana jambo.

Ya kwanza, mnunuzi hajali bei. Mfanyabiashara wa kweli hugombania kila shilingi.

Ya pili, hajali bidhaa. Haulizi vipuri, wala kama plagi na nguvu ya umeme vinafaa huko bidhaa ziendako.

Ya tatu, analipa mtu mwingine. Jina la ankara ni moja, aletaye fedha ni wa pili, achukuaye mzigo ni wa tatu.

Ya nne, malipo yanakatwakatwa vipande, kila kipande kidogo kuliko kiwango ambacho sheria inataka kitolewe taarifa. Huko Marekani kukata vipande kwa nia ya kukwepa taarifa kulifanywa kosa tangu mwaka 1986.

Ya tano, ankara haifanani na mzigo. Bei imeandikwa juu mno au chini mno, au idadi si ile iliyopakiwa.

Ya sita, mzigo unakwenda mahali pasipoeleweka. Duka dogo la mitaani linaagiza mashine 300 za kufulia, na mtaa wenyewe hauna maji ya bomba.

TUFANYE NINI?

Kwanza tunamwambia kila mwanachama: usijifanye askari. Usimwulize mteja, usimfuate, usimtangaze sokoni. Watu wa fedha hizi wana mikono mirefu, nasi hatutaki shujaa aliyekufa.

Pili, usiandike uongo kwa mkono wako. Saini ni ya aliyeiweka. Kesi ikifika mahakamani tajiri atasema hakujua, atasema karani ndiye aliyeandika. Karani hatakuwa na la kusema.

Tatu, usikae na jambo peke yako. Mwambie mwakilishi wako wa tawi siku ile ile. Weka tarehe, saa, idadi ya mzigo, na maneno uliyoambiwa. Andika kwa lugha yoyote unayoijua. Chama ndicho kitakachopeleka habari mahali panapostahili, bila jina lako kutembea mitaani.

Nne, na hili ni letu sisi viongozi: kila tawi litakapokaa na waajiri kuzungumza mkataba, tudai kifungu kinachosema kwamba hakuna mfanyakazi atakayefukuzwa, kuhamishwa au kupunguziwa mshahara kwa kukataa kuandika hati ya uongo. Kifungu hicho ni kifupi, mistari miwili tu, lakini ni ngao.

HABARI YA KARANI

Sasa turudi kwa ndugu yetu wa bohari. Wiki mbili baada ya mkutano ule tulimfuata nyumbani kwake, tukamwomba radhi kwa jibu letu. Tulimkuta hajaandika zile ankara. Tajiri alikuwa ameziandika mwenyewe kwa hasira, na karani alikuwa amehamishiwa kwenye kupakia mizigo, kazi ya ukuli, baada ya miaka tisa ya kalamu. Mkewe alituuliza mbele yake, "Mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu.

Tulikwenda watatu kwa tajiri wake. Hatukumtuhumu kwa madawa, kwa kuwa mpaka leo hatujui fedha zile zilitoka wapi, na mtu asiyejua asiseme. Tulimwambia jambo moja tu: karani amehamishwa kwa kukataa kuandika uongo, na ikiwa jambo hili litafika kwa ofisa wa kazi, ankara tano nazo zitafika. Tajiri alinyamaza kwa muda. Baada ya miezi miwili ndugu yetu akarudi katika kiti chake. Mshahara aliopunjwa katika miezi ile bado tunaudai.

Habari za mzigo tulizipeleka kwa wanaohusika, kama tulivyoeleza hapo juu. Mteja yule hakuonekana tena katika duka lile. Labda amekwenda duka jingine, katika mji mwingine, ambako karani hana chama au chama chake kinajibu kama tulivyojibu sisi siku ile. Kwa hiyo tunaziomba kamati zote za matawi, za viwandani na za mashambani, zisome makala haya kwa sauti katika mkutano ujao. Na mwanachama akisimama kuuliza juu ya ankara, msimwambie akae chini.